Je, wajua kwa nini bimu, yaani boriti ya zege, ikigongwa kwa juu huweza kupasuka juu pia?

Muulize fundi yeyote Moshi, atakuambia nondo nene zikae chini ya bimu, kwa sababu mzigo ukikaa juu, tumbo ndilo linalovutwa. Ni kweli, mradi mzigo umetulia. Kishindo kina kanuni zake.

Zege huvumilia sana kubanwa, lakini likivutwa uwezo wake ni kama sehemu moja ya kumi tu. Ndiyo maana Mfaransa Eugène Freyssinet, mwaka 1928, alikuja na hataza ya kuvuta nyaya za chuma kwanza, kisha kumwaga zege. Likikomaa, nyaya huachiwa. Zikitaka kujirudi, zinalibana. Kamba moja ya nyaya 7, unene wa milimita 12.7, huvutwa kwa takriban tani 14!

Sasa jiwe la kilo 100 lianguke mita 2 katikati ya bimu hiyo. Likisimamishwa ndani ya sentimita 1, nguvu ya wastani inafikia uzito wa tani 20. Bimu ikikubali kupinda sentimita 10, zinabaki kama tani 2. Kunyumbulika ni kinga.

Tatizo ni zile milisekunde za mwanzo. Katikati imeshashuka, lakini pande za bimu bado hazijaanza kusogea. Uzito wake wenyewe unazishikilia. Beba nondo ndefu begani, uchuchumae ghafla: bega linashuka, ncha zinachelewa. Hapo bimu inapinda kinyume kati ya jiwe na nguzo, na zege la juu linavutwa. Nyaya nyingi ziko chini, kwa hiyo juu hakuna mbano wa maana wa kulisaidia. Nyufa zinafunguka. Chini ya jiwe lenyewe hutokea nyufa za mshazari, na hizo huzuiwa hasa na ringi, vyuma vyembamba vinavyozizunguka nondo, zilizopangwa karibukaribu. Binafsi, ringi ndizo ningezikagua kwanza.

Kishindo kikiisha, nyaya ambazo hazijavutwa kupita uwezo wake wa kujirudi huirudisha bimu, na nyufa za tumboni hujifunga. Hilo linafurahisha na linatisha, maana jicho halioni kitu. Barabara ya Arusha–Moshi inavuka kwa madaraja Kikafu, Weruweru na Karanga, mito ya mlimani, na malori hayapungui. Bimu ikigongwa, imwagiwe maji na iachwe ikauke: uso utakauka mapema, ufa utabaki mstari mweusi wa unyevu.