PCOS si uvimbe, na kuvimbiwa si PCOS

Juzi nilikuwa saluni Nakawa, hapa Kampala, nasukwa, dada wa kiti cha pili akasema tumbo limemjaa wiki nzima, sketi haifungi. Senga (shangazi) mmoja aliyekuwa anangoja zamu akadakia hapohapo, "Nyabo hiyo ni PCOS, una ebizimba (uvimbe) kwenye ovari, tafuta dawa ya miti uyeyushe." Banange. Hii nimeisikia mpaka nimechoka.

Haraka haraka basi: PCOS, kwa kirefu polycystic ovary syndrome, ni shida ya homoni inayogusa ovari, vile viungo viwili vinavyotoa mayai ya mwanamke. Androjeni (zile wanaziita homoni za kiume ingawa kila mwanamke anazo) zinakuwa nyingi, yai halitoki kila mwezi, hedhi inapotea miezi miwili mitatu, chunusi, ndevu kidevuni, na mara nyingi insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) nayo haifanyi kazi vizuri. Tangu 2003, madaktari walipokubaliana kule Rotterdam, wanatafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyoeleweka, androjeni juu, au ovari zenye vifuko vingi kwenye skani, na kwanza wahakikishe si ugonjwa mwingine unaofanana nayo. Maana yake unaweza kuwa nayo na skani ikatoka safi.

Sasa jina, hapo ndipo balaa lilipoanzia. "Poli" ni Kigiriki, nyingi. "Kista" inatoka kwenye kystis, kibofu au mfuko. Mwaka 1935 Stein na Leventhal, madaktari wa Chicago, waliandika kuhusu wanawake saba ambao ovari zao zilikuwa kubwa na zimejaa vifuko, basi jina likashikamana na vifuko mpaka leo. Kumbe vile si kista za ugonjwa! Ni vifuko vya kawaida vya mayai ambavyo vilianza kukua vikakwama njiani, kila kimoja milimita 2 mpaka 9, yaani kutoka punje ya simsim (ufuta) mpaka punje ya mahindi. Hakuna cha kuyeyusha hapo. Kista yenyewe ya ovari ni kitu kingine, mara nyingi ni moja, inaweza kufika sentimita kadhaa, na nyingi zinaondoka zenyewe. Hata jopo la wataalamu Marekani mwaka 2012 lilishauri jina libadilishwe kwa sababu linapotosha watu, na mimi nawaunga mkono kabisa.

Afu sisi tukaongeza yetu. Luganda okuzimba ni kuvimba, ekizimba ni uvimbe, na neno hilo hilo linabeba faibroidi, kista, jipu, kila kitu. Kwa Kiswahili kizimba ni pale mahakamani anaposimama mshtakiwa, na enyewe ndiyo hali ya ovari za watu hapa Kampala, zimepandishwa kizimbani kwa kosa la utumbo. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeshatenganisha mambo haya vizuri: uvimbe ni kitu kimeota, kuvimba ni kiungo kimefura, kuvimbiwa ni chakula na gesi vimekaa tumboni havishuki. Yule dada alikuwa amevimbiwa. Senga akasikia uvimbe.

Sikatai, wanawake wengi wenye PCOS wanalalamika tumbo: gesi, kufunga choo, kuharisha. Ila mara nyingine anayesababisha ni metifomini, dawa wanayopewa wengi kwa ajili ya ile insulini, maana wiki za kwanza inaleta kichefuchefu na kuharisha, ndiyo maana wanakwambia umeze na chakula na wanapandisha dozi polepole. Mtu anaacha dawa akidhani ovari zimevimba zaidi, na anaenda kununua chupa ya majani yasiyojulikana, ambayo nayo inamharisha.

Nikamuuliza dada hedhi yake inakujaje. Haipotei mwezi, akasema, ndevu hana, chunusi hana, ila hiyo wiki walikuwa kwenye msiba na kila siku ni posho (ugali) na maharage. Senga akacheka, "Basi ni maharage." Inawezekana, ila tumbo likiendelea kujaa wiki baada ya wiki, au maumivu yakiwa makali, au anatapika, aende hospitali wampime, asianze na skani ya ovari kwa sababu ya saluni. Na wewe senga, nakuheshimu, siku nyingine sema tu amevimbiwa.