Rangi Ikibanduka, Geuza Gamba Uliangalie

Wengi wanaoanza kuchanganya udongo, karatasi, kitambaa na rangi kwenye ubao mmoja hufanya jambo linaloniuma sana: kazi ikipasuka au kubanduka, wanaikwangua haraka na kuanza upya. Kazi iliyoharibika ndiyo inayokuonyesha ni tabaka gani lililolegea, mradi uikague kabla ya kushika msasa.

Anza na gamba lililobanduka. Ligeuze. Likiwa na udongo uliong'ang'ania nyuma yake, na ubaoni nako umebaki udongo, basi udongo wenyewe haukushikana: gundi ilikuwa kidogo au maji yalizidi. Ubao ukibaki mtupu kabisa pale lilipobandukia, hitilafu iko chini. Ubao ulikuwa na vumbi, au ulishawahi kupakwa rangi ya mafuta, nayo rangi ya maji haishiki vizuri juu ya mng'ao wa mafuta. Hapo hata umimine ndoo nzima ya gundi, itabanduka tu. Piga msasa, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke. Kwa sisi wa Dodoma, kiangazi upepo unapovuma, ubao uliofutwa asubuhi ufutwe tena kabla ya kupakwa.

Nyufa nazo zinasomeka. Udongo wenye mfinyanzi mwingi, mathalani wa kichuguu, huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka. Ukiona mipasuko mipana iliyoachana mbali, tabaka lilikuwa nene mno. Paka membamba, moja likauke ndipo lifuate lingine, na uongeze mchanga uliochekechwa, kwa sababu mchanga hausinyai. Fundi wa kukandika nyumba za udongo huchanganya nyasi ili ukuta usipasuke. Kwenye ubao mimi hutumia nyuzi za katani zilizokatwakatwa. Kisha kausha kivulini. Jua letu hukausha uso wakati ndani bado kubichi.

Wekundu wa udongo huo usikutie wasiwasi. Unatokana na oksaidi ya chuma, na hiyo haipauki kwa jua. Nenda Kolo, wilayani Kondoa, ukatazame michoro ya miambani iliyoingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mimi kila nikiuona wekundu ule napata nguvu mpya ya kuchimba udongo. Kazi yako ikipauka, chunguza vipande vya magazeti na vitambaa ulivyobandika.

Ubao wa plaiwudi ukipinda, mara nyingi sababu ni karatasi: ikilowa gundi hutanuka, ikikauka hujivuta na kuuvuta ubao pamoja nayo. Bandika karatasi ya aina ileile upande wa nyuma, kwa gundi ileile, ili pande zote mbili zivutane sawa. Juu ya karatasi hiyo ya nyuma andika kwa penseli vipimo vya udongo, gundi na maji, na mahali ulipokaushia. Nyufa nyingine hutokea baada ya miezi, wakati umeshasahau ulichanganya nini.