Vita vya haki: maana yake, na mahali unafiki unapoingilia

Vita vya haki ni fundisho la Kikristo linalojaribu kujibu swali moja gumu: mtu aliyeambiwa ampende adui yake, aweza kushika silaha asitende dhambi? Jibu la fundisho hili ni kwamba aweza, ila kwa nadra, na kwa masharti mazito. Usilichanganye na vita vitakatifu. Apiganaye vita vitakatifu huamini kwamba Mungu ndiye aliyemtuma na kuua kwenyewe ni ibada. Vita vya haki mtu huviingia shingo upande, kwa sababu njia nyingine zimekwisha, na kila pigo analolipiga atalitolea hesabu.

Kanisa halikuanza hivyo. Waandishi wake wa karne za kwanza, kama Tertullian na Origen, hawakutaka kabisa Mkristo amwage damu, na walishikilia lile neno la Yesu kwa Petro: "Rudisha upanga wako mahali pake, maana wote waushikao upanga, wataangamia kwa upanga." Ilikuwa rahisi zaidi kusema hivyo wakati Wakristo hawakuwa na jeshi wala mahakama. Karne ya 4 dola la Roma likawa la Kikristo, na ghafla waumini wakawa magavana na majemadari. Mtakatifu Augustino (354–430), askofu wa Hippo katika nchi tuiitayo leo Algeria, ndiye aliyebeba mzigo wa kuwaeleza watu hao wafanye nini adui anapobisha hodi. Miaka mia nane baadaye mwanateolojia Thoma wa Akwino alizikusanya fikra za Augustino katika masharti matatu: vita vitangazwe na mwenye mamlaka, viwe na sababu ya haki, na nia ya anayepigana iwe safi, si tamaa wala kisasi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992, katika kifungu cha 2309, imeongeza makali: madhara ya mchokozi yawe makubwa, ya kudumu na yasiyo na shaka, njia nyingine zote ziwe zimeshindikana, kuwe na tumaini la kweli la kufaulu, na silaha zisilete maovu makubwa kuliko yale zinayotaka kuyaondoa.

Ukiyasoma masharti hayo polepole utaona kwamba yamewekwa ili kuzuia. Katika historia, hata hivyo, mara nyingi yametumika kuruhusu. Mtu kwanza anaamua kupigana, halafu anatafuta padri wa kumpigia muhuri.

Kwetu Malindi mfano hauko mbali. Ule mnara wa Vasco da Gama kwenye ncha ya mwamba, wanapopigia picha wageni na maharusi, una msalaba wa mawe yaliyotoka Ureno, na juu ya msalaba huohuo imechongwa nembo ya mfalme wa Ureno. Da Gama alitia nanga hapa Aprili 1498, akapokewa kwa ukarimu na mfalme wa Malindi, akapewa na rubani wa kumvusha hadi India. Vita havikuwapo. Lakini miaka minne baadaye, katika safari yake ya pili, bahari hiihii ilishuhudia mambo mengine. Karibu na pwani ya India, Oktoba 1502, aliisimamisha meli iliyokuwa ikirudi kutoka Makka, imejaa mahujaji, wanaume, wanawake na watoto wao, watu mamia. Aliwanyang'anya mali, kisha akaamuru meli itiwe moto pamoja na watu wake. Wapo wanawake waliowainua watoto wao wachanga wakiomba huruma. Mreno mmoja aliyekuwapo aliandika kwamba siku ile hataisahau maisha yake yote.

Chukua sasa masharti ya Thoma uyaweke juu ya meli ile. Mamlaka alikuwa nayo, kwa kuwa alitumwa na mfalme Manuel. Sababu alidai anayo: Desemba 1500 Wareno zaidi ya 50 waliuawa Calicut, mji wa bandari wa India, katika ghasia za kibiashara, naye alisema analipiza. Lakini ukatili wa kulipiza kisasi ndio hasa Augustino alioulaani, na mahujaji wale hawakuwa wauaji wa Calicut. Nia nayo inajieleza yenyewe, maana mali ilishushwa kabla ya moto kuwashwa. Mtihani ameushindwa vibaya, tena kwa vitabu vya Kanisa lake mwenyewe.

Nasisitiza vitabu vya Kanisa lake kwa sababu kuna utetezi mwepesi tunaousikia mara kwa mara: "Hizo zilikuwa zama zao, hawakujua." Walijua. Ni kweli kwamba Papa Nicholas V, kwa barua za 1452 na 1455, alimruhusu mfalme wa Ureno kuzishambulia nchi za Waislamu na wapagani na kuwatia watu wake utumwani, na Vatikani haikulikana rasmi fundisho lililojengwa juu ya barua hizo mpaka Machi 2023. Lakini mwaka 1539, huko Salamanca, Hispania, padri Mdominiko Francisco de Vitoria aliwafundisha wanafunzi wake waziwazi kwamba tofauti ya dini si sababu ya haki ya kupigana, na kupanua himaya si sababu pia. Alikuwa akisema juu ya Wahispania na wenyeji wa bara la Amerika, ila maneno yale yanatosha kabisa kuvalishwa Kilwa na Mombasa, miji ambayo Mreno Francisco de Almeida aliipora mwaka 1505.

Hapo unafiki unaanza kuonekana, na inafaa kueleza ni kitu gani, kwa sababu tunalitupa neno hilo ovyo. Mtu akianguka katika jambo analolihubiri, hilo peke yake si unafiki. Ni udhaifu, na sote tunao. Mnafiki ni yule ambaye sheria anayo, anaijua, anawapimia wenziwe kwa ukali, lakini zamu yake ikifika anajitoa kwenye mizani. Mithali 20:10 inasema vipimo mbalimbali ni chukizo kwa Bwana, na anayenunua samaki kwa kilo anajua ni kwa nini. Yesu alitumia boriti na kibanzi jichoni. Watu wa Lamu, waliobeba boriti za mkoko mabegani, nadhani wanauelewa ule utani wake kuliko maprofesa.

Kwa hiyo mtu aweza kutumia nguvu asiwe mnafiki. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, alipenda sana mahubiri ya Mlimani na akayaandikia kitabu. Baadaye aliingia katika mtandao wa watu waliopanga kumwondoa Hitler, hata kwa kumuua. Alinyongwa Aprili 9, 1945. Mtu aweza kubishana na uamuzi wake. Lakini hakudai kwamba mikono yake itabaki misafi. Aliandika kwamba anayechukua jukumu kwa ajili ya wengine huenda akalazimika kuchukua na hatia, na kuiweka mbele ya Mungu bila kujitetea. Kujihesabia haki hakumo humo.

Linganisha na kisa cha ukoo wa wafalme wetu. Wareno walipojenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia 1593 (hebu fikiria, ngome ya mizinga kuipa jina hilo), waliwahamishia huko wafalme wa Malindi waliokuwa rafiki zao. Urafiki ukaoza. Mwaka 1614 Sultani Hasan aliuawa kwa njama za Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, koloni la Wareno huko India. Mwanawe mdogo, Yusuf, naye akapelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa Jerónimo. Ndiyo, watawa wa yuleyule Augustino. Wakamfundisha kusamehe, mtoto ambaye kichwa cha baba yake kilikuja mji huohuo. Alirudishwa Mombasa kutawala mwaka 1626. Kapteni wa ngome alipopata habari kwamba husali Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, Yusuf aliona amekwisha. Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamuua kapteni, akatangaza kurudi katika Uislamu. Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika, waliokataa kuiacha dini yao waliuawa pia.

Wareno waliandika kwamba alikuwa mnafiki na msaliti. Waswahili wengi wanamkumbuka kama shujaa. Mimi naona alikuwa na sababu, na sababu yake ilikuwa nzito kuliko ya Da Gama. Lakini Waafrika wale waliobatizwa hawakumkata baba yake kichwa. Kipimo hakina budi kumgeukia na yeye, vinginevyo tutakuwa tunafanya kilekile tunachowalaumu Wareno.

Vyama na harakati za kisiasa vina taabu ya ziada, nayo ni sharti la kwanza. Harakati haina mfalme wa kutangaza vita. Je, wanaoonewa na serikali wakose haki ya kujitetea kwa sababu tu mhuri uko kwa anayewaonea? Thoma mwenyewe aliliona, akajibu kwamba kumwondoa mtawala dhalimu si uasi. Dhalimu ndiye mwasi, kwa kuwa ndiye anayeigawanya jamii. Akaweka angalizo: isiwe kwamba vurugu za kumwondoa zitawaumiza watu kuliko udhalimu wake. Papa Paulo VI aliandika vivyo hivyo mwaka 1967: maasi huzaa dhuluma mpya, isipokuwa pale penye udhalimu wa wazi na wa muda mrefu. Mlango huo ni mwembamba, lakini upo.

Serikali ya mkoloni iliyojiita ya Kikristo haikupenda kuujua. Miaka ya Mau Mau, viongozi wa makanisa walikemea kiapo na mauaji ya Wakristo wa Kikuyu waliokikataa, na walikuwa sahihi kukemea. Juu ya kambi za wafungwa, sauti zilikuwa chache na za chini. Kisha Machi 3, 1959, huko Hola, kando ya Mto Tana, wafungwa 11 walipigwa na askari hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Hakuna aliyeshtakiwa. Aliyewasuta katika Bunge la Uingereza usiku wa Julai 27 alikuwa Enoch Powell, mhafidhina na Mwanglikana, akisema haiwezekani kuwa na kipimo kimoja kwa Afrika na kingine kwa nyumbani. Ndiye Powell yuleyule aliyekuja kutoa hotuba ya chuki dhidi ya wahamiaji mwaka 1968. Ukweli wakati mwingine hupitia midomo isiyoustahili, na hotuba ya Hola haiharibiki kwa ile nyingine.

Wanateolojia wa Afrika Kusini walisema jambo la karibu na hilo katika Tamko la Kairos la 1985. Kanisa, walisema, huwahesabia vijana mawe wanayorusha, lakini risasi za polisi huzipita kama vile ni sehemu ya hali ya hewa. Hapo hata kuhubiri amani kunaweza kuwa unafiki. Mchungaji anayewaambia vijana wasio na kazi wageuze shavu la pili, ilhali mimbari yake ameipangisha kwa wanasiasa wenye walinzi wa bunduki, hajafundisha Mathayo 5:39. Wakenya tunalijua hili. Baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, watu wakiwa wamechomwa ndani ya kanisa la Kiambaa, Baraza la Makanisa nchini liliomba radhi Februari 2008 kwa kuwa viongozi wake waliegemea pande za kikabila.

Limebaki sharti moja ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lenye utata kuliko yote: tumaini la kufaulu. Linaonekana la busara, maisha yasije yakapotea bure. Lakini nani aliye na tumaini la kufaulu dhidi ya dola? Mekatilili wa Menza, ambaye sanamu yake iko mjini kwetu, aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasitoe vijana wao kwa kazi za Waingereza. Alikamatwa, akapelekwa Kisii, akatoroka. Agosti 1914 Waingereza walilipua kwa baruti Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, wakachoma nyumba, wakawafukuza Wagiriama kutoka upande wa kaskazini wa Mto Sabaki. Mishale dhidi ya bunduki: mtu mwenye Katekisimu mkononi angewaambia wasithubutu. Baada ya miaka michache, hata hivyo, serikali yenyewe iliona imekosea kuwaondoa, ikawaruhusu kuvuka mto na kurudi mashambani mwao. Kama huko ni kufaulu au si kufaulu, wanafunzi wangu wa katekesi wamebishana mpaka taa zikazimwa, nami sijawakatia shauri, kwa sababu sharti lenyewe halisemi ni nani apime, wala apime baada ya muda gani.