Kuishiwa pumzi si uzee: maswali ninayoulizwa kila wiki kliniki ya kifua

Mzee anakaa, anashika magoti kwa mikono miwili, anaanza kueleza kinachomsumbua, anakatisha katikati ili avute hewa. Binti yake aliyemleta kutoka Mbagala anafungua mfuko na kupanga mezani chupa nne za dawa ya kikohozi, mbili zikiwa tupu, pamoja na pakti za antibayotiki zilizobaki vidonge viwili vitatu. Namuuliza shida ilianza lini. "Muda kidogo tu, dokta. Tulijua ni uzee." Nikidadisi, huo muda kidogo ni miaka minne.

Maswali haya nimeyakusanya kwenye benchi letu hapa Dar es Salaam. Nayajibu kwa sababu nimechoka kuwapokea watu wakiwa wamechelewa.

Huu ugonjwa ni nini hasa?

Ni ugonjwa sugu wa mapafu. Njia za hewa zinavimba kwa ndani, zinajaa makohozi na kuwa nyembamba, na vifuko vidogo vya hewa vinachakaa. Hewa inaingia, lakini kutoka inatoka kwa shida. Kwenye cheti utaona tumeandika COPD. Hauambukizi. Palipoharibika hapatarudi kama zamani, ila kasi ya uharibifu inapunguzwa na mgonjwa anapata nafuu anayoiona mwenyewe. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021 uliua watu milioni 3.5.

Baba ana miaka 62, akitembea kidogo anahema. Si umri tu?

Hapana. Si uzee.

Ni kweli mapafu hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda, lakini mtu wa miaka 62 mwenye mapafu mazima hatoki kituo cha daladala hadi nyumbani kwake akisimama mara tatu kupumua. Haishiwi pumzi akifunga kamba za viatu. Mtoeni mzee atembee na mwenzake wa rika lake, njia tambarare, mwendo wa kawaida huku wanaongea. Akiachwa nyuma, au akinyamaza kwa sababu hawezi kutembea na kuongea kwa pamoja, mleteni.

Najua kwa nini familia hazioni. Mgonjwa mwenyewe anaacha kazi moja moja, kimyakimya. Kwanza ndoo ya maji anabebewa na mjukuu. Kisha anaanza kuswali nyumbani kwa kuwa msikiti "uko mbali", na msikiti uko palepale ulipokuwa miaka yote. Kisha analala amekaa, ameegemea mito mitatu. Kila hatua ina sababu yake ya kistaarabu, na kila hatua mapafu yanazidi kupungua. Kwa hiyo msimuulize mzee kama anaumwa, maana atasema hajambo. Muulizeni ni kazi gani aliyokuwa anaifanya mwaka juzi na sasa haifanyi.

Lakini mama yetu hajawahi kushika sigara.

Nusu ya wanawake ninaowaona hawajawahi. Wamekaa jikoni. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa hawa wanatokana na tumbaku, ila katika nchi zenye kipato kama chetu ni kati ya asilimia 30 na 40. Wengine wanaletwa na moshi wa kupikia, vumbi na moshi wa kazini, na makovu ya maradhi ya kifua ya zamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka eneo moja la vijijini hapa Tanzania uliwapima watu wa miaka 35 na kuendelea kwa kuwapulizisha mashine, ukakuta asilimia 17.5 wana ugonjwa huu. Karibu wote walikuwa wanaishi na moshi wa kuni au mkaa.

Hapa mjini mnaniambia mkaa hauna moshi. Moshi mnaouona kwa macho ni mchache, sawa. Chembe ndogo zinazoshuka hadi kwenye vifuko vya hewa hamzioni, na ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina hata harufu. Mama lishe anayewasha jiko saa kumi alfajiri ndani ya kibanda cha mabati chenye mlango mmoja anavuta vyote viwili mpaka jioni. Kama gesi inawezekana, tumia gesi. Kama bado haijawezekana, washa jiko nje, subiri mkaa ukolee, ndipo ulisogeze, na mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupika. Wala usilale na jiko chumbani, hata msimu wa baridi, hata dirisha likiwa wazi.

Nimevuta miaka thelathini. Nikiacha sasa itasaidia nini?

Itasaidia sana. Mwaka 1977 watafiti Charles Fletcher na Richard Peto walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume wafanyakazi 792 wa London kwa miaka 8. Waliokuwa wakidhurika na sigara hawakurudishiwa pumzi waliyokwisha kuipoteza, lakini walioacha, mapafu yao yaliendelea kupungua kwa kasi ya kawaida ya mtu asiyevuta. Yaani ukiacha leo unalinda kilichobaki. Acha kabisa. "Nimepunguza, dokta, navuta mbili tu kwa siku" silipokei kama jibu.

Nilitibiwa kifua kikuu nikapona. Mbona bado nakohoa, imerudi?

Lazima tupime makohozi, hilo halina mjadala. Lakini ikiwa hakuna vimelea, usirudishwe kwenye dawa za TB kwa kubahatisha. Kifua kikuu kinaacha makovu, na makovu hayo yanaweza kuziba njia za hewa. Kinachotakiwa hapo ni kipimo cha kupuliza: unavuta pumzi yote, unapuliza kwa nguvu mpaka iishe, unavuta dawa ya kufungua kifua, unapuliza tena. Kama hewa inayotoka sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya pumzi yote hata baada ya dawa, njia zimeziba.

Nchi hii ina historia yake kwenye jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Dk. Karel Styblo alifanya kazi na mpango wetu wa taifa wa kifua kikuu akichunguza swali la kazi kabisa: wagonjwa wanapotea wapi kati ya kupimwa na kumaliza dozi? Rejista ikatunzwa, mgonjwa akasimamiwa akimeza dawa, matokeo yakahesabiwa kila robo mwaka. Miaka ya 1990 dunia nzima ikachukua mtindo huo. Natamani tufanye vivyo hivyo kwa hawa wasio na TB, kwa sababu nao wanapotea, na wengi wao wanapotelea duka la dawa.

Dawa ya kuvuta inazoesha. Si ukishaianza huiachi tena?

Hapana. Haizoeshi. Narudia kwa sababu kesho nitaulizwa tena: haizoeshi. Unaendelea kuitumia kwa kuwa ugonjwa unaendelea, kama mwenye presha anavyomeza dawa ya presha. Na si dawa ya mtu anayekaribia kufa. Anayekaribia kufa mara nyingi ni yule aliyeikataa miaka mitatu akanywa sharubati za kikohozi. Cha kuogopwa ni vidonge vya prednisoloni mnavyofungiwa kwenye karatasi na kumeza kila kifua kikibana. Vinapandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Hivyo vina siku zake na vinaandikwa na daktari.

Shida kubwa ni kuitumia vibaya. Wengi wanapuliza, dawa inagonga ulimi, wanasema haifanyi kazi. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwa watoto wenye pumu kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita inafikisha dawa vizuri sawa na kifaa cha kununua. Tunawaundia wagonjwa wetu: waya unapindwa kufuata umbo la mdomo wa inhela, yaani kile kikopo cha dawa ya kuvuta, unapashwa moto, unatoboa kitako cha chupa, na inhela inasukumwa pale kabla plastiki haijapoa ili ibane. Tikisa dawa, weka mdomo wa chupa kinywani, bonyeza mara moja, vuta taratibu, bana pumzi ukihesabu hadi kumi. Ndipo ubonyeze ya pili. Chupa ioshwe kwa maji ya sabuni na iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa.

Nikija nashinda kwenye benchi. Si afadhali duka la dawa?

Kero hiyo ni ya haki. Mwaka 1961 John Little wa Marekani alithibitisha kanuni ya foleni: watu waliomo ni sawa na wanaoingia kwa saa, mara saa ambazo kila mmoja anakaa. Sisi tukihudumia 12 kwa saa na benchini wamo 48, anayeingia sasa atakaa saa 4. Nyote mnakuja saa kumi na mbili asubuhi mkidhani mtawahi, na matokeo yake mnasubiriana. Ukipewa miadi ya saa nne asubuhi, njoo saa nne asubuhi. Na jueni hili: mgonjwa aliyekuja mapema tunamaliza naye dakika chache. Aliyechelewa miaka minne anakuja midomo imebadilika rangi, anachukua mtungi wa oksijeni na watu wawili kwa saa nzima, na foleni yote inasimama. Foleni mnayoikimbia inatengenezwa pia na kuchelewa.

Kikohozi cha wiki mbili kinatosha kuja. Kuhema kwenye njia tambarare kunatosha kuja, hata bila kikohozi. Si uzee.

Dharura naijuaje?

Hawezi kumaliza sentensi. Mbavu zinaingia ndani akivuta hewa. Ulimi na ndani ya midomo ni bluu au kijivu. Kwa ngozi zetu tazama humo, usitazame usoni. Anasinzia au anaongea visivyoeleweka. Hapo msingoje asubuhi wala msingoje mtoto mkubwa arudi kutoka kazini. Mkalisheni wima ainame mbele kidogo, msimlaze, mpulizieni salbutamol, ile dawa ya kuvuta ya kufungua kifua, kwa ile chupa kama anayo, tafuteni bajaji au gari, na mrudie kumpulizia mkiwa njiani.