Mstari kunyooka si uwiano

Juzi barazani Kuze, mtaa wa Mombasa, vikombe vya kahawa mikononi, kijana mmoja alituonyesha grafu kwenye simu yake: mitungi ya maji wanayonunua kwao na pesa zinazotoka. "Mwaona mstari ulivyonyooka? Hapa pana uwiano." Wote wakaitikia. Mimi kahawa ikanipalia.

Vitu viwili vina uwiano ikiwa ukigawanya kimoja kwa kingine jawabu ni lile lile, popote utakapopima. Kwenye grafu, mstari unyooke na pia upite penye sifuri ya mihimili yote miwili, ile mistari ya kupimia, wa wima na wa ulalo. (Uwiano wa kinyume una mambo yake, tuuache.) Basi, maana ndiyo hiyo.

Linaloniudhi ni kwamba neno lenyewe lingewazuia watu kukosea, lau wangelisikiliza. Kuwia ni kudai. Mwia ni mwenye kudai, na anayewiwa ndiye mwenye deni. Ukichimba zaidi unakuta kitenzi "kuwa" katika kauli ya kutendea, kile kile cha "niwie radhi", yaani uwe radhi kwangu. Kwa hiyo vinavyowiana kila kimoja ni cha mwenzake: pesa hazina chochote ambacho hazikupewa na mitungi. Mitungi ikiwa sifuri, pesa nazo ni sifuri.

Sasa turudi kwa yule kijana. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 30, lakini mwenye mkokoteni hutaka kwanza shilingi 50 za kusukuma, uchukue mitungi miwili au kumi. Miwili ni 110. Minne ingekuwa 220 kama pangekuwa na uwiano, kumbe ni 170. Gawanya: ya kwanza inatoka 55 kwa mtungi, ya pili 42.50. Ile 50 haiwiwi na mtungi wowote, imesimama peke yake kabla maji hayajamiminwa. Joto nalo ni vivyo hivyo: nyuzi 15 za Selsiasi ni 59 za Farenhaiti, na 30 ni 86. Mstari umenyooka kabisa, uwiano hakuna.

"Mbona mstari wangu umeanzia pale pembeni kabisa, mihimili inapokutana?" akauliza. Nikaikuza picha kwa vidole viwili. Pale pembeni, mwanzoni mwa mhimili wa wima, palikuwa na tarakimu ndogo: 50. Programu ya simu ilikuwa imeikata sehemu ya chini ili picha ipendeze.

Sikubishana naye. Nilimwambia mstari wake ni mzuri, aseme tu kwamba gharama hupanda shilingi 30 kwa kila mtungi, na neno uwiano aliweke mpaka siku atakayokwenda kisimani na mtungi wake mwenyewe, alipie maji tu.