Mpiga chapa si mchapishaji, jamani

"Oxford University Press na wengine." Nimeyaona haya tena kwenye marejeleo ya tasnifu, na safari hii sinyamazi. Hiyo "na wengine" ni ya waandishi. Katika mitindo mikuu ya kuandika marejeleo, si APA, si MLA, si Chicago unaokuruhusu kuwafupisha wachapishaji hivyo. Ama unawataja kwa majina, ama unamchagua mmoja kwa sababu inayoeleweka.

Hilo lakini ni tawi tu. Mzizi ni imani kwamba kila kampuni iliyotajwa kwenye ukurasa wa hakimiliki ni mchapishaji. Kiswahili chetu nacho kina sehemu ya lawama: "mchapishaji" huitwa aliyegharimia kitabu, akakihariri na kukitoa, na huitwa vivyo hivyo mwenye mtambo aliyekitia wino. Basi someni sentensi nzima, msihesabu majina. Palipoandikwa "kimechapishwa na" ndipo penye mchapishaji. Chini yake, mara nyingi kwa herufi ndogo zaidi, utakuta "kimepigwa chapa na". Huyo ni fundi wa kulipwa. Chapa ijayo inaweza kupelekwa India na kitabu kikabaki kile kile. Haingii kwenye marejeleo, wala aliyepanga herufi, wala aliyechora jalada. Msambazaji naye kwa kawaida abaki nje.

Miji pia inawachanganya watu. Mchapishaji mmoja akiorodhesha Oxford, New York na Nairobi, hizo ni ofisi zake. Hajawa watatu. Na kama unaandika kwa APA, mji wa nini? Uliondolewa katika toleo la 7. MLA waliuacha kwa vitabu vingi tangu toleo la 8 la 2016, na Chicago, katika toleo la 18 la 2024, hawaudai tena kwa vitabu vya kuanzia 1900. Anayekukazania "Nairobi:" mbele ya mchapishaji anasoma mwongozo wa zamani, au chuo chake kina mtindo wake wa "Harvard". Harvard hauna kitabu kimoja rasmi, kwa hiyo hapo fuata karatasi ya chuo chako.

Sasa wachapishaji wawili au zaidi, wa kweli. Wanaosoma historia ya Afrika Mashariki wanawajua: James Currey wa Uingereza, Ohio University Press wa Athens (Athens ya jimbo la Ohio, tafadhali, si ya Ugiriki), na East African Educational Publishers wa Nairobi, wote kwenye kitabu kimoja, kila mmoja akiuza kwenye soko lake. APA inataka wote, kwa mpangilio ule ule wa ukurasa wa hakimiliki, wakitenganishwa kwa nukta mkato: James Currey; Ohio University Press; East African Educational Publishers. Usiwapange kialfabeti. MLA hutumia mkwaju wenye nafasi pande zote mbili, James Currey / Ohio UP, lakini pale tu wachapishaji wanapobeba jukumu sawa. Mmoja akiwa ndiye mkuu, mtaje huyo peke yake. Chicago inaridhika na mmoja, yule atakayemfaa msomaji wako. Msomaji wa Mombasa atakipata kitabu kwa urahisi zaidi kwa jina la mchapishaji wa Nairobi, kwa hiyo mtaje huyo bila kuona haya.

Ukishuku kama ni wachapishaji wawili kweli, tazama ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Baada ya 978, tarakimu 9966 ni za Kenya, 9970 za Uganda, 9976 na 9987 za Tanzania. Namba za nchi mbili mbele ya majina mawili ni dalili nzuri. Mbili za mchapishaji mmoja huenda ni jalada gumu na jalada jepesi tu.

Panaponiumiza kichwa ni "kwa ushirikiano na". Huyo mshirika alihariri, alitoa fedha, au aliazima nembo yake tu? Ukurasa hausemi, na miongozo hainisaidii kama ninavyotaka. Mimi humtaja kama mchapishaji akiwa na ISBN yake au nembo yake ikikaa sambamba na ya mwenzake kwenye ukurasa wa jina. La sivyo namwacha. Ni kipimo legevu, nakiri, na msimamizi wako akikikataa sitabishana naye.

Halafu kuna taasisi zinazogeuzwa wachapishaji ilhali ni waandishi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 2004: TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ndiye mwandishi, Oxford University Press ndiye mchapishaji. Kuwaunganisha kwa nukta mkato ni makosa. Ripoti ya afya na idadi ya watu ya Kenya ya 2022 ni kinyume chake: KNBS (shirika la takwimu la Kenya) na kampuni ya ICF ni waandishi na pia wachapishaji. APA inasema usiwarudie, nafasi ya mchapishaji iache. MLA, shirika moja likiwa mwandishi na mchapishaji, hufuta upande wa pili: anza na jina la kazi, shirika libaki kama mchapishaji. Ukihama kutoka mtindo mmoja hadi mwingine, hapa ndipo utakapoanguka.

Zotero, programu ya kupanga marejeleo, haitakuokoa. Ina kisanduku kimoja cha mchapishaji, na ulichoandika humo hutoka kilivyo. Ukibadilisha APA kuwa MLA, nukta mkato zitabaki pale pale hadi uzigeuze mikwaju kwa mkono.

Na mnaotoa kopi ya sura moja dukani: toeni pia ukurasa wa jina na upande wake wa nyuma, penye hakimiliki. Ni karatasi mbili zaidi. Bila hizo, yote niliyoandika hapo juu utayafanya kwa kubahatisha.