Meno ya plastiki ni chonge, jamani

Wiki hii tena nimeletewa mtoto wa miezi mitano, fizi za juu zimechanwa huku na huku, bibi yake ananieleza kwamba walishamtoa meno ya plastiki ila bado anaharisha. Jamani! Watu wanaamini hayo meno ndiyo yanamletea mtoto kuharisha na homa, ila hakuna mtoto anayeota plastiki. Mlichotoa ni chonge, lile jino lililochongoka pembeni ya meno ya mbele.

Jina lenyewe naelewa lilikotoka. Chonge la utoto linaanza kutengenezwa mtoto akiwa bado tumboni ila linachomoza akifika miezi kama 16 mpaka 23, sasa kwenye miezi minne mitano hivi linakuwa limelala ndani, fizi inatuna kidogo na kupauka, ukichokonoa kinatoka kitu cheupe laini, hakijakomaa, ukikiona kiganjani utasema nailoni kweli. Ndo maana huku Tanzania, hasa kuanzia miaka ya 1980, watu wakaita meno ya nailoni, meno ya plastiki. Uganda wanaita ebino. Shida ni kwamba ukishasema plastiki, mama anaona kitu kigeni kimeingia mwilini mwa mwanae, na kitu kigeni lazima kitolewe. Lingeitwa chonge changa, nani angelichimba kwa spoku ya baiskeli?

Kuharisha kunatoka kwingine: umri huo kinga aliyoipata kwa mama yake inapungua, anaanza kuonjeshwa uji na maji, kila anachoshika anatia mdomoni. Mpeni ORS (ile dawa ya chumvichumvi ya kuchanganya na maji) wakati anaharisha, na zinki siku 10 mpaka 14, aendelee kunyonya, akiwa na homa awahishwe kituo cha afya.

Kuota meno kunasumbua, sikatai, mate yanamwagika na joto linapanda kidogo. Na kuna jambo linanipa tabu kulijibu: wengi wakishakatwa wanapona kweli, maana kuharisha kwingi kunaisha kwenyewe baada ya siku chache, basi sifa anachukua mganga na shangazi anakuwa shahidi. Mimi nikija kuwaambia hiyo ni "imani potofu" naonekana nabishia kitu walichokiona kwa macho yao, ndo maana siku hizi hilo neno nina wasiwasi nalo.

Ila hawaoni kinachofuata. Achilia mbali damu na tetenasi, mbegu ya chonge la ukubwani imekaa palepale nyuma ya lile la utoto, spoku inazipitia zote mbili, mtoto akifika miaka 11 au 12 chonge linaweza lisije, au lije limepinda na enameli, lile gamba gumu la nje ya jino, ina mashimo.